Sitaki Kuwasumbua

Bibi yenu Beryl hataki niisimulie hii. Anasema kila nikiisimulia miguu yake inakufa ganzi, utadhani aliyekuwa topeni ni yeye. Lakini sasa hivi kaenda kununua mkate, na akikutana na yule shoga yake wa kanisani hatuna mkate mpaka jioni, kwa hiyo sogeeni hapa karibu na moto. Wewe, mpishe dada yako.

Mie shule niliiacha mapema, si mnajua. Baba alitaka mikono shambani, basi nikachimba viazi, nikachimba mitaro, mwisho nikaangukia kwenye ile kampuni ya kutunza mifereji, huku kwetu Lincolnshire, pwani ya Uingereza, ambako mashamba yamekaa chini kuliko bahari. Kazi yangu ilikuwa milango. Si milango ya nyumba, hapana. Kila mfereji mkubwa unapoingia baharini una mlango wake wa chuma, mzito, umening'inizwa kwa juu. Maji ya bahari yakipwa, maji ya mashambani yanausukuma yanatoka. Maji yakijaa, bahari yenyewe inaufunga. Hauhitaji mtu wala mashine. Ila likinasa gogo pale katikati, mlango haufungi, na bahari inaingia kama mgeni asiyebisha hodi mpaka kwenye kabichi za watu. Sasa mie nilikuwa mtu wa magogo.

Basi, ofisini kwetu akaja msichana mmoja wa Lithuania, jina lake Vaida. Alianza na kufunga karoti kiwandani, jioni akawa anasoma Kiingereza, hadi akapata kazi ya kupokea simu kwetu. Msichana mrefu, nywele kazivutia nyuma kama mtu anayejiandaa kupigana. Kwa kazi, moto. Lakini ile simu ikilia, masikini, shingo yote inamtoka mabaka mekundu.

Siku moja tuko jikoni pale ofisini, nangoja birika lichemke, akaniambia, "Wilf, mimi mbwa siogopi, nyoka siogopi. Simu naiogopa."

"Simu haiumi, mwanangu."

"Inauma. Nyie watu mdomo unasema hivi, uso unasema vile. Ana kwa ana nausoma uso. Kwenye simu uso hakuna. Nitasoma nini?"

Nikacheka.

Kumbe siku hiyo alikuwa na lake moyoni. Meneja wetu, Hilary, alikuwa kamwita. Hilary ni mama mpole, sauti yake ndogo, ukiwa mbali hatua chache husikii. Kuna mkulima alipiga simu, Vaida akapokea, "Ndiyo, unataka nini?" Mkulima kanuna, kashtaki. Sasa Hilary akamwambia Vaida hivi, "Pengine ni mimi tu, mpenzi, lakini nimekuwa nikijiuliza kama siku moja, ukipata nafasi, ungependa kufikiria kidogo namna tunavyopokea simu."

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamjibu hapana, asante, wiki hii nina kazi nyingi."

Kikombe nusura kinidondoke. "Mama wee! Vaida! Pale umegombezwa!"

"Sijagombezwa. Alikuwa anatabasamu."

"Ndiyo kugombezwa kwenyewe huko. Siku ukiona hatabasamu, ujue ushafukuzwa."

Akakaa kwenye kiti, rangi imemtoka. Aliitegemea kazi ile, hakutaka kurudi kwenye karoti. Huruma ikanishika, nikavuta kiti na mie, nikampa darasa. Eti mie, wa kuacha shule! Nikamwambia, sikiliza mwanangu. Mtu akipiga, mshukuru kwanza. Zungumza naye hali ya hewa akitaka. Usimbane kwa maswali. Akikwambia hana haraka, usimharakishe. Na ukimuuliza hali akakwambia nzuri, ishia hapo hapo, usichimbe.

"Na kama mguu wake umevunjika?"

"Atakwambia mguu unamsumbua kidogo."

"Halafu mimi nifanye nini?"

"Umwambie pole, uandike ujumbe."

Akavishika vyote. Wiki ile ile sauti yake kwenye simu ikawa asali. Hata Hilary akasema si mbaya, na Hilary akisema si mbaya, mwenzangu, umepewa nishani.

Haya. Ikaja siku moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, ubaridi ule unaopenya mpaka kwenye meno. Kulikuwa na bamvua siku hiyo, maji yamekupwa mbali kabisa, huko upeoni unaona mstari tu unang'aa, na likishakupwa vile ujue linarudi vile vile, kwa nguvu. Nikapewa taarifa kwamba mlango mmoja wa mbali umenasa. Kwa kawaida tunakwenda wawili, mimi na Dennis. Dennis mgongo ulimkamata, yuko kitandani. Ningeweza kumwambia Hilary anipe mtu mwingine. Lakini niliona, ah, mama wa watu ana kikao asubuhi nzima, kwa nini nimsumbue? Nikachukua gari, nikaenda peke yangu.

Nilifika, nikashuka ule ukingo wa udongo unaozuia bahari, nikaona shina la mti limebana pale mlangoni. Nikavaa zile buti za mpira za kufika mapajani, nikachukua mti wangu mrefu wenye ndoana, nikavuta. Nikavuta tena. Likatoka kwa kishindo, ule mlango ukarudi kwa nguvu, na mie nikaruka nyuma usinipige.

Pale nilipotua palionekana mchanga. Juu ulikuwa mchanga. Chini lilikuwa tope.

Mguu wa kulia ukazama mpaka gotini. Sikujali, imeshanitokea mara nyingi. Nikauegemea wa kushoto ili niuvute wa kulia, na wa kushoto ukaenda zaidi. Nikasema, taratibu, Wilf. Nikalala kwa nyuma kama tulivyofundishwa, nikatikisa mguu. Tope la kwetu, wanangu, lina tabia ya saruji: ukihangaika linakumeza, ukitulia linakaza. Nilipoacha kuhangaika lilikuwa limenifika mapajani, limenishika kama mkono wa mtu. Namaanisha hivyo. Nilihisi vidole.

Hakukuwa na mtu. Ukingo uko nyuma yangu, sio mbali, ningeweza kurusha jiwe likafika. Bata bukini wanapita juu wanapiga kelele zao. Gari yangu iko juu ya ukingo, na chupa ya chai ndani yake, na sandwichi ya jibini aliyonifungia Beryl. Nikaiwaza ile sandwichi. Ajabu, eh? Mtu kanaswa anawaza jibini.

Simu ilikuwa mfuko wa kifuani, ndani ya kikaratasi cha nailoni. Nikaitoa.

Sasa najua mtakachosema. Mtasema, Babu, si ungepiga tisa tisa tisa? Zimamoto si wapo? Walikuwepo. Nambari naijua, kidole kilikuwa juu yake. Halafu nikaona picha yote: magari na ving'ora kwenye kile kibarabara, wanaume wazima wameacha kazi zao, picha yangu gazetini. Na Ijumaa nikiingia baa, mtu ananipokea, "Karibu Wilf, nikupe bia au kamba?" Mtaniona mjinga. Lakini muulizeni mtu yeyote wa rika langu huku kwetu. Kufa ni jambo baya, tunakubali. Kuleta fujo kwa watu, hiyo ni aibu.

Nikapiga ofisini.

"Asante sana kwa kutupigia, Vaida anaongea, nikusaidie nini?" Asali tupu.

"Vaida, ni mie Wilf. Hujambo?"

"Sijambo, asante. Na wewe?"

"Sijambo. Angalau leo hakuna mvua."

"Kweli, leo hakuna mvua. Ila kuna upepo."

"Upepo upo. Sasa, samahani kukusumbua. Nipo huku mlangoni, nimenasa kidogo. Hilary akipata nafasi, atume mtu na kamba. Hakuna haraka."

Nikamsikia anaandika. "Wilf. Kamba. Hakuna haraka. Kuna kingine?"

"Hakuna, mwanangu. Asante."

"Asante wewe. Uwe na siku njema."

Simu ikakatika. Na pale ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilijua kilichotokea. Alifanya kila nilichomfundisha.

Nikajipa moyo. Ujumbe ataufikisha, mtu atakuja. Nikachimba kwa mikono kuzunguka mapaja. Nikitoa konzi moja zinaingia mbili. Vidole vikaanza kufa ganzi. Nikapiga kelele kidogo, "Halo?" Hivyo tu, halo, kwa sauti ya mtu anayeingia duka lisilo na mwuzaji. Hata kule kusiko na mtu nilishindwa kupiga ukelele.

Yale maji niliyasikia kabla sijayaona. Sauti kama mtu anakunjakunja karatasi mbali. Nikageuza shingo. Kulikuwa na kijito kikavu upande wangu wa kushoto, na ndani yake kulikuwa na ulimi wa maji unakuja, mwembamba, umebeba povu na vijiti, hauna wasiwasi. Ukanipita. Ukaenda nyuma yangu. Nikajua sasa kati yangu na ukingo kuna maji.

Nikapiga tena.

"Asante sana kwa kutupigia..."

"Vaida, samahani, ni mie tena."

"Wilf! Hujambo?"

"Sijambo, sijambo. Nilikuwa naulizia tu ile kamba."

"Hilary yuko kikaoni na wale watu wa halmashauri. Alisema asisumbuliwe."

Na unajua nilimjibu nini? Bibi yenu ndipo anapotoka chumbani nikifika hapa. Nilimjibu, "Ah, basi usimsumbue."

"Nikuweke kwenye laini umngojee?"

"Ikiwezekana, maana maji yamesogea kidogo."

Akaniweka kwenye ule muziki wao. Kinanda. Nimesimama katikati ya tope la bahari, maji yanazunguka buti zangu, na sikioni kinanda kinapigwa taratibu kama tuko hotelini. Mara kinakatika, sauti ya mwanamke wa kwenye kanda inaniambia simu yangu ni ya thamani sana kwao. Halafu kinanda tena.

Mbele yangu kwenye maji kikatokeza kichwa. Nilishtuka, nilidhani mtu. Alikuwa sili, yule mnyama wa bahari mwenye uso wa mbwa. Akanitazama. Akazama, akaibukia karibu zaidi. Macho yake meusi, makubwa, hayana ubaya wala wema. Nikamwambia, "Nenda zako." Hakwenda. Alijua maji yale ni yake na mie ndiye mgeni.

Laini ikakatika yenyewe. Maji yalikuwa yamefika mapajani, pale tope lilipoishia, kwa hiyo kuanzia hapo kila kilichopanda kilipanda juu ya mwili wangu. Nikawa na kipimo. Kifungo cha kwanza cha koti, kile cha chini kabisa, kikazama. Nikaamua nikiona kifungo cha pili kimezama, nitapiga nambari ya hatari, aibu ije. Kifungo cha pili kikazama. Nikasema, labda cha tatu. Mnaona mwanadamu? Mficha maradhi kifo humuumbua, na mie nilikuwa nayaficha maradhi yangu kwa sili.

Halafu nikajaribu. Wallahi nilijaribu. Lakini vidole vilikuwa vijiti, havibonyezi kitu. Nilibonyeza, kioo kikakataa, kimelowa. Nikabonyeza tena, simu nusura itumbukie. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaikumbatia kifuani. Nilimwona Beryl anafungua mlango wa nyuma, anaangalia barabara. Nilimwona anaweka sahani yangu, anaifunika na sahani nyingine.

Simu ikalia mkononi. Sijui nilipokeaje. Nadhani nilipokea kwa pua.

"Wilf, ni Vaida." Haikuwa asali. Ilikuwa ile sauti yake ya siku za karoti. "Nina swali. Samahani kama si adabu."

"Sema tu, mwanangu."

"Umesema hakuna haraka. Halafu umepiga mara ya pili. Mtu asiye na haraka hapigi mara ya pili. Nimekaa hapa nafikiria, nafikiria, siwezi kufanya kazi. Na meno yako yanagonga. Nayasikia."

"Ni baridi kidogo."

"Hapana 'kidogo'. Usiniambie tena 'kidogo'. Maji yako wapi?"

"Yamesogea..."

"Sehemu ya mwili! Maji yamefika sehemu gani ya mwili wako?"

Nikatazama chini. "Kiunoni. Yamepita kiuno."

"Unaweza kutoka?"

"Kwa kweli ningependa kujaribu tena, nikipumzika..."

"Wilf! Ndiyo au hapana! Unaweza kutoka?"

Katika maisha yangu yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Huku kwetu hatuulizani hivyo. Unamwachia mtu mlango, apitie mwenyewe. Yule binti alifunga milango yote akabakiza mmoja.

"Hapana," nikasema. "Siwezi."

"Unaogopa?"

Sili alikuwa ananitazama. Bata bukini walikuwa wameshapita. Niliwahi kumzika mama yangu, niliwahi kukaa hospitali na Beryl mtoto wetu wa kwanza alipotutoka, na sijapata kulisema neno hilo mbele ya mtu. Si kwa Beryl, si kwa padri.

"Wilf. Unaogopa?"

"Ndiyo," nikasema. "Naogopa. Naogopa sana, Vaida. Nitakufa hapa."

"Vizuri," akasema. "Sasa nimekuelewa. Usikate."

Nilisikia kiti kinaanguka. Nikasikia viatu vinakimbia, mlango unafunguliwa kwa kishindo, halafu sauti ndogo ya Hilary, "Vaida, mpenzi, pengine tungeweza kuzungumza baada ya..."

"Hapana pengine! Inukeni! Wilf yuko kwenye tope, maji yanajaa, anakufa! Wewe, piga zimamoto. Na wewe, unayetazama biskuti, piga walinzi wa pwani. Hilary, una kamba? Una gari? Basi mbona umekaa?"

Halafu vikasikika viti, viti vyote kwa pamoja.

Akarudi kwangu. "Wilf, wanakuja. Simu usiiweke mkononi, utaidondosha. Kofia unayo?"

Nilikuwa na kofia ya sufu aliyonifuma Beryl. Nikairudisha simu kwenye nailoni yake kwa meno, nikaichomeka ndani ya kofia, sikioni. Basi tangu hapo yule msichana alikuwa ndani ya kichwa changu.

"Maji wapi?"

"Karibu na mbavu."

"Unajisikiaje?"

"Si mba..."

"Wilf!"

"Vibaya. Miguu siisikii. Buti zimejaa maji. Naona kama nataka kulala."

"Ukilala nitamwambia Beryl kwamba ulisema hakuna haraka."

Nikacheka. Kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, sikukizuia. Akaniacha nilie. Hakusema pole wala hakubadilisha mazungumzo kuwa hali ya hewa, alingoja tu, kisha akauliza tena, "Maji wapi?" Kila nikitaja sehemu, anairudia kwa sauti kwa watu wa zimamoto kwenye simu nyingine, kama mshonaji anayepima. Mbavu. Chini ya kwapa. Kifua. Nilipotaja kifua sauti yake ilikatika, nikamsikia anavuta pumzi. Na yeye alikuwa anaogopa. Akaniambia, bila kuficha, "Mimi pia naogopa. Endelea kuongea."

Wa kwanza kufika alikuwa Hilary. Nikamsikia nyuma yangu juu ya ukingo, "Wilf! Uko sawa huko?"

"Sijambo, Hilary," nikajibu. "Wewe je?" Jamani, ulimi! Ulimi ni mnyama.

"Acha ujinga!" Vaida akanipigia kelele kichwani.

Hilary akarusha kamba. Ikaangukia majini mbali. Akaivuta, akarusha tena, haikunifikia. Na Hilary, ambaye sijapata kumsikia hata akiinua sauti, alitoa tusi moja pale juu ya ukingo, tusi la mabaharia, bata waliobaki wakaruka. Kisha akaanza kushuka na viatu vyake vya ofisini. "Usishuke!" nikapaza sauti. "Hilary, usishuke, utanasa na wewe! Rudi!" Hakukuwa na samahani wala tafadhali. Ule ndio ukelele wangu wa kwanza, na ulitoka kwa ajili ya mtu mwingine. Akasimama. Akabaki pale, kamba mkononi, analia.

Maji yakafika mabegani. Mawimbi madogo yakaanza kunipiga kidevuni, na kila moja likinimezesha chumvi nilijua linalofuata litakuwa juu kidogo. Nikainua uso. Nikaona mbingu tu, nyeupe. Vaida alikuwa anasema kitu sikioni, maneno ya kwao, nadhani alikuwa anaomba Mungu. Sikuelewa hata moja. Nilimwelewa kabisa.

Ving'ora vile nilivyoviogopa, nilipovisikia, nililia kama mtoto.

Walikuja wanatambaa juu ya mbao zao za plastiki zinazoelea, wawili, wamefungwa kamba. Mmoja akanishika kichwa juu ya maji kwa viganja vyake. Mwingine akazamisha bomba refu jembamba kando ya mguu wangu, likawa linapuliza maji kwa nguvu chini topeni ili tope liachie. "Vuta kidole gumba cha mguu, mzee! Vuta!" Sikujua kidole gumba kiko wapi. Kisha nikahisi vile vidole vya tope vinafunguka, kimoja kimoja, na mguu wa kushoto ukatoka bila buti. Wa kulia ulikawia. Wimbi likanifunika. Nikanywa. Likanifunika tena. Na pale pale nikanyanyuka mzima mzima kama jino linalong'olewa, wakanilaza juu ya ubao wakanivuta.

Wakanifikisha ukingoni, wakanifunika. Yule kijana wa zimamoto akapiga magoti, uso wote tope, akaniinamia.

"Uko sawa, mzee?"

"Si mbaya, asante," nikamwambia. "Samahani sana kwa usumbufu."

Basi kofia yangu ikapiga kelele. "Anaongopa! Msimsikilize huyo! Muulizeni tena!"

Kijana akaitazama kofia. Akamtazama Hilary. Hilary akajifuta pua kwa mkono wa koti lake zuri, akasema, "Muulize tena."

Akaniuliza tena. Nikamshika mkono, nikamwambia hapana, siko sawa, naogopa bado, usiniache. Akakaa pale pale kwenye majani, hakuuachia mkono wangu mpaka machela ikaja.